Shabiki na Jina Lake: Lakabu na Udanganyifu katika Ushabiki, kwa Mfano wa Arusha na Meru

Vilabu vyetu vya mpira vimezoea kuwataja watu wao kwa maneno matatu yanayofuatana: wanachama, wapenzi na mashabiki. Msikilizaji mgeni anaweza kudhani kwamba maneno hayo yana maana moja, na kwamba kiongozi anayeyatamka mkutanoni anarefusha hotuba tu. Sivyo. Mwanachama ana kadi, hulipa ada, na jina lake limo katika daftari la tawi. Mpenzi hana kadi, lakini jirani zake wanajua moyo wake umeelekea wapi, kwani siku timu yake inapofungwa hata chakula cha jioni humshinda. Shabiki naye ni mtu wa sauti. Yeye husikika kabla hajaonekana, na aghalabu watu humjua kwa kelele zake, kwa vazi lake na kwa jina la utani alilopewa uwanjani, wala hapana anayemwuliza jina alilopewa na wazazi wake.

Makala haya yanakusudia kumfuata huyo wa tatu na kuchunguza jambo moja katika historia yake, yaani jina analolitumia anaposhangilia na anaposhindana. Siku hizi mashabiki wengi hukutana katika mitandao ya kijamii kuliko wanavyokutana uwanjani au ukumbini, na huko yameonekana mambo ya ajabu. Mtu mmoja hujigawa akawa watu kumi, akajisifu kwa vinywa tisa. Mwanamume huandika kama mwanamke kwa miaka. Mgonjwa asiyekuwapo duniani huombewa dua na kuchangiwa dawa. Na kifo cha mtu ambaye hajapata kuzaliwa hutangazwa, watu wakalia machozi ya kweli. Wazee wengi husema kwamba hiyo ni tabia ya kigeni iliyoletwa na mashine za kigeni. Rai yetu ni tofauti. Barakoa tumekuwa nayo tangu zamani, tena tumeivaa kwa fahari. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaojua nani yumo ndani yake.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Arusha na nchi ya Mlima Meru. Sababu ni kwamba mahali hapa pamoja, katika muda wa miaka kama mia moja na thelathini, pameona baraza la rika, boma la Wajerumani na askari wake, uwanja wa mpira, muziki wa vijana, na simu za mkononi. Hapana mzee aliyeyaona yote hayo kwa macho yake, lakini mzee pamoja na babu yake na mjukuu wake wameyaona.

Tuanze na baraza. Katika miaka ya 1950 mwanazuoni P. H. Gulliver, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alikaa miongoni mwa Waarusha akachunguza namna walivyoamua mashauri yao, na mwaka 1963 akachapisha kitabu juu ya jambo hilo. Aliona kwamba, nje ya mahakama zilizowekwa na serikali, Waarusha hawakuwa na hakimu mwenye amri ya kukata shauri peke yake. Mwenye shauri alikwenda barazani pamoja na watu wake: ndugu wa ukoo, wenzake wa rika, na majirani. Mpinzani wake naye alikuja na wake. Kila upande ulikuwa na wasemaji wake, miongoni mwao malaigwanani wa rika, na maneno yakasemwa hadharani mpaka pande mbili zikapatana. Wingi wa watu waliosimama nyuma ya mtu, na uzito wa watu hao, ulikuwa ndiyo nguvu yake.

Msomaji ataona mara moja kwamba hapa pana kitu kilicho karibu sana na ushabiki. Mtu hakwenda barazani kwa haki tu. Alikwenda na watu wa kumpigia kelele. Lakini hakuweza kuleta mashabiki wa kughushi. Kila aliyesimama alikuwa na sura inayojulikana, baba anayejulikana, na rika alilotahiriwa nalo. Kwa majirani zao Wameru, ambao koo zao ziliongozwa na washili, hata jina lenyewe lilikuwa ushahidi. Mpaka leo Kaaya, Mbise, Pallangyo, Nnko, Sarakikya na Nassari ni majina ya koo, na mtu anayejitambulisha kwa mojawapo huulizwa papo hapo ni mtoto wa nani na anatoka upande gani wa mlima. Uongo juu ya jina haufiki hatua ya tatu.

Hatusemi kwamba watu wa zamani hawakudanganyana. Walidanganyana sana juu ya ng'ombe, juu ya mipaka ya mashamba na juu ya mahari, kama mashauri yenyewe yanavyoshuhudia. Tunachosema ni kwamba mtu aliweza kudanganya juu ya jambo, lakini hakuweza kudanganya juu ya nafsi yake.

Barakoa ilikuja na mji. Baada ya vita vya kuwatiisha Waarusha na Wameru vilivyoanza mwaka 1896, Wajerumani walijenga boma lao Arusha katika miaka ya 1899 na 1900, kwa kazi ya shuruti ya wenyeji. Jengo hilo lingalipo, nalo ndilo Makumbusho ya Elimu Viumbe ya leo. Boma lilivuta watu: askari kutoka mbali, wapishi, makarani, wapagazi, mafundi, wafanyabiashara wa pwani na wake zao. Mji wa namna hiyo ulikuwa kitu kipya. Watu waliishi ukuta kwa ukuta bila ya ukoo mmoja, bila ya rika moja, na mara nyingi bila ya lugha moja ila Kiswahili. Nani angemzika aliyefia huko? Nani angesimama nyuma yake barazani?

Katika miji ya bomani ya Afrika ya Mashariki swali hilo lilijibiwa kwa vyama, na chama kilichovuma kuliko vyote kilikuwa cha ngoma ya beni. Ngoma hiyo ilizaliwa katika pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikateremka Tanga na Dar es Salaam, kisha ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vita ambavyo katika mwezi wa Machi 1916 viliitoa Arusha mikononi mwa Wajerumani na kuitia mikononi mwa Waingereza. Terence Ranger, aliyefundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliiandikia beni kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975, na yeyote anayetaka kuujua ushabiki wetu ulikotoka hana budi kukisoma.

Kwa jumla vyama vya beni vilijipanga katika pande mbili, Marini na Arinoti. Mji baada ya mji ulikuwa na pande hizo mbili, na mtu aliyehama alipokelewa na watu wa upande wake hata kama hawajapata kumwona. Marini walijihesabu kuwa wastaarabu zaidi. Arinoti aghalabu walikuwa watu wa kazi ngumu. Kila upande ulikuwa na vyeo: Kingi, Kaisari, Gavana, Jenerali, Hakimu, Daktari. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Siku ya ngoma walipita barabarani kwa gwaride, wamevaa sare, wameshika bunduki za mti, wakipiga saluti. Nyimbo zao ziliwachoma wapinzani kwa mafumbo. Upande mmoja ukichinja ng'ombe wawili, wa pili hauna budi kuchinja watatu, na wako walioingia katika madeni ya miaka kwa ajili ya karamu ya usiku mmoja.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Jenerali wa jioni alikuwa mpishi wa mchana. Aliyempigia saluti na kumwita Mheshimiwa Gavana ndiye aliyemkopesha chumvi asubuhi ya siku ile. Hakuna mtu katika mtaa mzima aliyedanganyika kwamba mtu huyu ni gavana kweli, na hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wameafikiana kumpa mwenzao, ambaye kutwa nzima anaitwa "boi", saa chache za heshima mbele ya macho ya watu. Cheo kilikuwa cha kubuni, lakini heshima ilikuwa ya kweli. Na alipokufa, wale waliomwita Gavana ndio waliochanga sanda na kuchimba kaburi, wakamzika kwa jina lake.

Alikuwapo hata hivyo mtu mmoja aliyedanganyika, naye ni mtawala. Maofisa wa Kiingereza waliposikia habari za Wafrika wanaoandikiana barua kutoka mji hadi mji, wakijiita majenerali na makaisari, waliingiwa na hofu. Na mwaka 1919 uchunguzi ulifanywa kutazama kama beni si njama ya uasi. Haikuonekana njama ya kuogofya. Ofisa alisoma neno "Jenerali" akatafuta jeshi, kumbe jeshi lenyewe lilikuwa wapishi na wapagazi waliochoka kuamrishwa, wakaamua kuamrishana wenyewe kwa hiari.

Wako waandishi, hasa katika miaka ya mwanzo ya uhuru, walioiona beni kuwa ni kasumba tupu, kumwiga mkoloni mpaka kofia yake. Mwandishi wa makala haya haafiki. Ni kweli kwamba waliiga. Lakini yafaa kutazama waliiga nini: waliiga heshima, kwa kuwa ndiyo waliyonyimwa.

Tabia hiyo ya barakoa inayoonekana kwa wenyeji haikufa pamoja na beni. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa vilikuwa nayo, na baadaye mashabiki wa taarabu waliigawa miji kwa namna ile ile. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star, na katika miaka ya 1990 mashabiki wa TOT na wa Muungano waliifanya mipasho kuwa lugha ya mitaa. Katika mpasho anayepashwa hatajwi, lakini anajulikana. Na anayetuma ujumbe kwa kanga aliyojifunga anajua kwamba jirani atausoma. Fumbo hulificha jina kwa mtu wa mbali. Kwa mtu wa karibu hulitangaza.

Katika Arusha uko ukumbusho wa desturi nyingine iliyo jamaa ya hiyo, ingawa wengi wanaoingia humo hawaufikirii. Uwanja wa mpira wa mjini una jina la mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abeid, aliyekuwa Meya wa Dar es Salaam na kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere mpaka alipofariki mwaka 1964, ndiye aliyeandika mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Washairi wa zama zake walikuwa mabingwa wa lakabu. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na katika magazeti yaliyofuata, watungaji walilumbana kwa miezi juu ya neno moja. Akilimali alijiita Snow-White, na Andanenga akaitwa Sauti ya Kiza. Wasomaji wao waligawanyika pande mbili, wengine wakaingia uwanjani kwa beti zao wenyewe. Lakini lakabu ya mshairi haikuwa pango la kujifichia. Aliichagua kama mtu anavyochagua joho, na aliposhindwa katika malumbano aliyeaibika ni yeye mwenyewe mtaani kwake. Aliyetaka kumjibu alijua pa kupeleka jibu.

Wasikilizaji wa redio waliotuma salamu kwa kadi walikuwa na desturi hiyo hiyo ya kujipa majina makubwa, na mashabiki wa mpira vilevile. Tangu Yanga ianzishwe mwaka 1935 na Simba mwaka 1936 (wakati huo ikiwa na jina lingine, kwani jina la Simba lilikuja mwaka 1971), hapana mji wa Tanzania Bara usiojigawa kwa rangi ya kijani na rangi nyekundu, na Arusha, ingawa imekuwa na timu zake yenyewe, haikusalimika. Klabu moja ikicheza na wageni kutoka ng'ambo, mashabiki wa nyingine huwashangilia wageni bila haya. Watu wengine huita jambo hilo uhaini. Sisi tunaliita uadui uliotangazwa, na uadui uliotangazwa si udanganyifu.

Mabadiliko yalianza kuingia Arusha kwa njia ya muziki na kwa njia ya utalii, karibu wakati mmoja. Mwaka 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, ambayo makao yake yalikuwa Arusha mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Wageni wa mahakama hiyo pamoja na watalii wa mbuga walihitaji mawasiliano, na vibanda vya intaneti vikafunguliwa mjini, ambako mtu alilipa kwa dakika. Mwaka 1996 lilianzishwa kundi la X Plastaz, lililochanganya rap na uimbaji wa Kimasai, na habari zake zilikuwa zikisomwa katika intaneti na wapenzi wa Ulaya wakati vijana wengi wa mitaa ya Arusha bado hawajagusa kompyuta. Kwa hiyo vijana hao walipata somo mapema: kwamba mtu anaweza kuwa na wapenzi asiowajua na wasiomjua, na kwamba wapenzi hao huchukua kile wanachoelezwa.

Kebo ya kwanza ya baharini ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na simu za kisasa zilipoanza kushuka bei, kibanda kilihamia mfukoni. Kufikia mwaka 2014 hivi mashabiki wa wanamuziki walikuwa wamejigawa katika kile walichokiita "timu": timu ya Diamond Platnumz na timu ya Ali Kiba zikiwa ndizo mashuhuri, na nyinginezo za waigizaji na warembo. Kwa sura ya nje hii ni Marini na Arinoti tupu. Kuna pande mbili, kuna vyeo vya kubuni, kuna mafumbo na kuna karamu za kushindana, ila karamu ya leo huhesabiwa kwa idadi ya watazamaji.

Kwa ndani si hivyo. Shabiki wa leo huweza kufungua majina matano kabla ya chai ya asubuhi. Kwa jina la kwanza humsifu msanii wake; kwa la pili huafiki sifa hizo; la tatu hujifanya shabiki wa upande wa pili aliyeongoka; la nne huonyesha mazungumzo ya siri, aliyoyaandika mwenyewe, kwamba ni ya mke wa mpinzani; na la tano huhuzunika kwamba ushabiki umekosa adabu. Ukilitazama jambo hili kwa jicho la baraza la Waarusha, utaona ni nini. Mtu amekuja barazani na umati, na umati wote ni yeye.

Tusiseme kwamba ni sisi tu. Mwaka 2001 maelfu ya watu walioifuata katika intaneti habari ya msichana wa Marekani aliyejulikana kwa jina la Kaycee Nicole, mgonjwa wa saratani ya damu, waliomboleza kifo chake. Baada ya siku chache ikadhihirika kwamba msichana huyo hakuwapo, bali alibuniwa na mwanamke mmoja wa huko huko. Mwaka 2000 daktari wa Marekani, Marc Feldman, alikuwa amekwisha kuandika juu ya watu wanaojifanya wagonjwa katika intaneti, na alionyesha kwamba wengi wao hawatafuti fedha. Hutafuta kuangaliwa.

Jambo hilo la mwisho ndilo wanaolisahau wengi wanapolijadili suala hili nchini kwetu. Sisi tumezoea kutafuta mwizi. Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, inayofanya kujifanya mtu mwingine kuwa kosa la jinai; na mwaka 2020 laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Hatua hizo zina manufaa dhidi ya matapeli, na Arusha, mji wa madini na watalii, inawajua matapeli. Lakini si kila mwenye barakoa ni tapeli, na ofisa anayetafuta jeshi kila anaposoma neno "Jenerali" tumekwisha kumwona mwaka 1919. Mwandishi anaomba ruhusa ya kueleza kisa kimoja alichokishuhudia, bila ya kutaja klabu, wala tawi, wala mtu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kundi la simu la mashabiki wa mpira wa Arusha, watu wapatao tisini, wengi wao wakijuana kwa sura. Miongoni mwetu alikuwamo dada mmoja aliyesema anaishi juu ya Tengeru, kwenye migomba. Hakuja uwanjani kwa sababu ya maradhi ya miguu, lakini baada ya kila mechi aliandika maelezo ambayo kila mtu aliyangoja. Alijua mpira. Tena alijua watu. Ugomvi ukizuka aliuzima kwa maneno mawili matatu, na wazee wakampa jina la Mama Tawi. Binamu yake alikuwamo katika kundi, na mtu mwingine aliyesoma naye, na hao wawili walikuwa wakimshuhudia.

Katika majira ya masika binamu akatangaza kwamba Mama Tawi amefariki. Sijapata kuona kundi la simu likinyamaza namna ile. Tulichanga rambirambi, zikapatikana shilingi 450,000, akakabidhiwa mweka hazina wetu, mama mmoja muuza nguo. Aliyetoa kuliko wote alikuwa fundi viatu mmoja, mwanachama wa zamani sana, mtu mpole mwenye kigugumizi ambaye vijana walizoea kumwigiza mkutanoni.

Tulikwenda watu watano, tumekodi Noah, na doti mbili za kanga, mchele na sukari. Barabara ilikuwa tope. Tulipanda mpaka gari likakataa, tukaendelea kwa miguu tukitazama huku na huku kati ya migomba kama tutaona turubai la msiba. Hatukuona. Mwenyekiti wa kitongoji alitusikiliza, kisha akatupeleka kwa mzee wa ukoo ule tulioutaja. Mzee akauliza swali lile lile la siku zote: mtoto wa nani? Tukasema tulivyoambiwa. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba ukoo huo upande ule una nyumba sita, naye anazijua zote, na hakuna iliyofiwa. Hakusema kwa ukali. Alitukaribisha tukae, tukapewa chai, na tulipoondoka alitutaka radhi kana kwamba kosa ni lake, kwa kuwa tumekuja mbali na hakuwa na maiti wa kutupa.

Fundi viatu alikuwa pamoja nasi, kiti cha nyuma. Tulipofika barabara kuu, pale Tengeru, aliomba gari lisimame. Alichukua muda mrefu kulitoa neno la kwanza. Mweka hazina ndiye aliyeelewa kabla yetu.

"Ni wewe, kaka?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Na binamu?"

"Mimi."

"Na yule aliyesoma naye?"

"Mimi, dada."

Dereva alizima redio. Mmoja wetu, kijana, alianza kutukana, mama akamnyamazisha. Akamwuliza fundi kwa nini amemwua, kama alikuwa naye miaka yote ile. Akajibu, kwa vipande vipande, kwamba alichoka. Watu walikuwa wanataka kwenda kumjulia hali, na kila wiki ilibidi azue sababu mpya ya kuwazuia. Kwa nini basi alimwanzisha? Hapo alisema maneno ambayo nimeyafikiri mara nyingi tangu siku ile: kwamba yeye akisema mkutanoni tunacheka kabla hajamaliza, na hata akiandika kwa jina lake tunasoma kwa kigugumizi, lakini huyo dada tulimsikiliza.

Hapakuwa na senti iliyopotea. Nikafikiri juu ya wapishi wa zamani waliofanywa majenerali barabarani, mbele ya mtaa mzima, na watu waliojua wakapiga saluti. Sisi hatukuwa na gwaride la kumpa mtu wetu. Ilimbidi ajishonee joho usiku, peke yake, na kwa kuwa hapana aliyejua, joho likawa uongo.

Tawi liliitisha mkutano. Wako waliotaka afukuzwe, na wako waliotaka apelekwe polisi, ingawa hawakuweza kusema ameiba nini. Katibu alipendekeza kila mwanachama alete kitambulisho cha taifa na namba yake iandikwe, nalo likapita. Kisha fundi akatakiwa aseme. Alisimama akasema, na hotuba fupi aliyokuwa nayo ilichukua karibu nusu saa. Vijana waliozoea kumwigiza walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Baadaye mweka hazina aliita majina, akamrudishia kila mtu mchango wake, ila fundi alikataa kupokea wake, na fedha hizo zikaingia mfuko wa maafa.

Likabaki suala la daftari. Tawi lina daftari la misiba, ambamo huandikwa jina la marehemu, tarehe na kiasi kilichochangwa. Jina la Mama Tawi lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa wino. Mwenyekiti alitaka lifutwe. Mweka hazina alikataa, akasema kwamba daftari la fedha halifutwi mstari, na kwamba fedha ziliingia na zikatoka, kwa hiyo lazima pawe na jina. Mara ya mwisho nilipolifunua lilikuwa bado lipo, kati ya mzee mmoja wa Kijenge na kijana mmoja dereva, ambao wote wawili tuliwazika.